Jina Asilolitamka Subilaga

Skripti ilikufa tena kabla chai yangu haijapoa.

Nasema ilikufa kwa sababu sina neno jingine la heshima. Ilianza vizuri, ikabadilisha majina ya sauti za marehemu wa Masoko, ikamaliza za Kiwira, halafu ikasimama na kuniandikia kwenye skrini nyeusi kwamba hakuna faili linaloitwa "Wa". Hakuna, ndiyo! Nani atamwita marehemu wake "Wa"?

"Umeiharibu wewe, Sekela," alisema Rwekaza nyuma yangu.

"Mimi? Bwana wee, nimeigusa saa ngapi? Imetoka Dodoma na ugonjwa wake."

Rwekaza alitumwa na Mamlaka ya Sauti kuja kuhakikisha kwamba Nyumba ya Sauti ya Tukuyu inamaliza kubadili majina kabla ya wiki kwisha. Wilaya nyingine zote zilikuwa zimemaliza. Alikuja na koti la mvua jipya kabisa, na siku ya kwanza tu mvua yetu ikamwonyesha kwamba koti lile lilishonwa kwa ajili ya watu wasioijua mvua. Tangu hapo alishinda amekaa karibu na jiko la mkaa la mlinzi, akinuna na kunisimamia.

"Mnafanya nini huku mpaka skripti iliyofanya kazi nchi nzima iwagomee nyie?" aliuliza.

"Tunaita watu wetu kwa majina yetu. Hebu kaa pembeni niisome."

Niliisoma amri kwa amri, mstari kwa mstari. Kazi yake ilikuwa nyepesi: chukua kila faili la sauti, tazama namba ya kitambulisho cha marehemu iliyomo ndani, futa jina la zamani, andika ukoo na jina la kitambulisho. Lakini aliyeiandika alidhani jina la faili ni neno moja lisilo na nafasi. Kwetu Rungwe kuna faili linaitwa "Wa Nyumba ya Juu". Skripti ikiona nafasi inafikiri jina limeishia hapo, inatafuta faili la "Wa", halikuti, inakufa. Dawa yake ni alama za kunukuu, moja mwanzoni mwa jina na moja mwishoni, ili mashine ijue kwamba yote ni ya mtu mmoja. Nikaziweka. Kisha nikaiendesha kwa majaribio kwanza, ile namna ya kuiambia iseme itakachofanya bila kukifanya. Yakaanza kushuka:

Wa Nyumba ya Juu → Mwakilembe_Anyandwile
Aliyepanda Mikaratusi → Mwasumbi_Asangalwisye
Yule wa Ng'ambo ya Mto → Mwaijande_Lwitiko

"Sasa hapo!" Rwekaza alipiga makofi. "Umeona majina ya watu yalivyo mazuri? Hayo mengine yalikuwa vitendawili."

Nami nikajisikia, sitaki kusema uongo. Nikaondoa majaribio, nikabonyeza, na sauti zote za wilaya zikapata majina ya serikali mlinzi akiwa bado anachochea jiko. Jioni Dodoma walituunganisha na mtandao wa taifa. Kaka yangu Gwamaka, aliyehamia Mwanza miaka mingi, alinipigia simu akilia. Alikuwa amemwita marehemu mama yetu kutoka huko huko, sebuleni kwake, na mama akamwitikia, akamuuliza kama anakula. Kabla ya hapo ilimbidi asafiri mpaka Tukuyu ndipo amsikie.

"Dada, Mungu akubariki," alisema. "Nitakuwa namwita kila Jumapili nikitoka kanisani."

Nililala vizuri siku ile.

*

Kesho yake asubuhi alikuja Subilaga, mjane wa marehemu Ambakisye, kufanya mazoezi ya kuita. Watu wenye kesi huja kuita sauti siku moja kabla, ili wasibabaike mbele ya Baraza la Ardhi. Kesi yake nilikuwa naijua, wilaya nzima iliijua. Shemeji yake Lusajo alitaka shamba la chai la bondeni pamoja na nyumba anamoishi Subilaga, akidai kwamba kaka yake alikuwa ameazimwa tu, na Subilaga ndiye aliyefungua kesi kudai haki yake. Baba yao akiwa hai alisema vingine, na alisema mbele ya kinasa. Sauti yake ndiyo shahidi pekee aliyebaki. Si mzimu, wala si yeye. Ni mashine inayojibu kwa yale aliyoyasema mtu alipokaa na kinasa siku zake za mwisho, akiulizwa maisha yake yote mpaka akachoka na kutukana. Lakini sheria inaitambua. Ukiliita jina la faili kama lilivyoandikwa, sauti inaitika. Ukikosea, kimya.

Subilaga alikung'uta matone kwenye khanga, akanisalimia, akasimama mbele ya spika.

"Wa Nyumba ya Juu," aliita.

Kimya.

Akaita tena, polepole, kwa adabu. Kimya.

"Mama Subilaga, jina limebadilika," nilimwambia. "Siku hizi unamwita kwa jina la kitambulisho. Ukoo, halafu jina lake."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo.

"Lipi?"

"Lake, mama. Unalijua."

"Nalijua. Siwezi kulisema."

"Kwa nini usiweze?"

"Sekela, wewe si mtoto wa hapa? Ni baba mkwe wangu."

Nitasema ukweli: nilikasirika. Mimi baba mkwe wangu namwita jina lake hadharani na anaitika, tena ananiomba ugoro. Kwa mila yetu mke hamtaji baba mkwe kwa jina wala hakutani naye uso kwa uso, lakini wengi tumeyaacha hayo. Nilidhani kila mtu ameyaacha. Huyu alikuwa na shamba la kupoteza, na watoto wanaolala ndani ya nyumba hiyo hiyo, halafu ananiletea habari za kuogopa jina.

"Kesho Lusajo atakutoa nje na vyombo vyako," nilimwambia. "Jina tu, mama! Tamka umalize! Anyandwile, basi, kuna nini hapo?"

Aliziba masikio kwa viganja viwili, akatoka. Alitoka akasimama kwenye mvua uani, amegeukia ukuta, mpaka mlinzi akaniuliza nimemfanya nini mama wa watu.

Nilimfuata na mwavuli. Ghadhabu yangu ilikuwa imeanza kunitoka, aibu inaingia.

"Nisamehe, mama."

"Umemtaja mbele yangu," alisema bila kunitazama. "Mume wangu alipofariki nilibaki na mzee mimi. Lusajo alikuwa mjini. Nilikuwa naweka chakula mlangoni, nakohoa, naondoka, naye anakuja kuchukua. Miaka yote hiyo sijamwona usoni na sijamtaja. Alipougua nilimsafishia nyumba wakati majirani wamemtoa nje kuota jua. Watu wa kinasa walipokuja nilikaa nyuma ya mlango. Wakauliza faili liitweje, nikawaambia kupitia tundu la ufunguo. Yeye akasikia, akasema andikeni hivyo hivyo."

"Lakini sasa amekufa, mama."

"Sasa akifa ndiyo nimvunjie heshima? Hicho ndicho nilichompa, Sekela. Sikuwa na kingine. Kama ni kuhama, nitahama." Akakaza khanga kichwani. "Ila sitasema."

Alisema bila kilio. Huyo mwanamke hakuwa anaogopa chochote, na mimi nilikuwa nimemdhania mwoga. Tuliposimama hapo chini ya mwavuli ndipo nilipokumbuka majina yale yaliyokuwa yanashuka kwenye skrini. Aliyepanda Mikaratusi. Yule wa Ng'ambo ya Mto. Nani aliyeyatunga yote yale, kama si wake wa watoto wao? Wao ndio waliobaki na wazee huku wenye ukoo wakitafuta maisha mjini. Sauti zote zile zilikuwa zinaitwa na wanawake, na mimi, kwa alama mbili za kunukuu, nilikuwa nimewafunga midomo wote kwa mpigo.

*

Rwekaza alikuwa anakula viazi vya kuchoma jikoni kwa mlinzi.

"Nataka kumrudishia mzee mmoja jina lake la zamani," nilimwambia.

"Haiwezekani."

"Basi nimpe mawili. Naweka jina la pili linaloelekeza kwenye faili lile lile. Ni amri moja fupi, hata wewe unaijua."

"Naijua, na ndiyo iliyotufikisha hapa." Aliweka kiazi chini. "Kaa, Sekela. Unafikiri Mamlaka walikaa tu wakaamua kuwasumbua? Bibi yangu aliyenilea, kule Muleba, alikuwa na faili lenye majina mawili. Jina la pili lilipachikwa na mtu mwenye ufundi kama wako, likaelekezwa kwenye sauti nyingine iliyotengenezwa. Siku ya baraza likaitwa lile la pili, na bibi yangu kwa sauti yake mwenyewe, kikohozi chake kabisa, akasema kibanja chake cha migomba amempa mtu tusiyemjua. Mama yangu alikuwepo. Alimsikia mama yake akimfukuza."

Mvua ilipiga bati, mlinzi akajifanya anatafuta mkaa.

"Ndiyo maana sauti moja, jina moja," aliendelea. "Na ndiyo maana anayedai lazima aite mwenyewe kwa mdomo wake, si wakili, si jirani. Mashine ya Dodoma inapitia majina yote kila wakati. Ikikuta faili moja tu lenye jina la mtaani, inaikata wilaya nzima kwenye mtandao. Si mimi, ni mashine. Watu wako wote walioko Mwanza, Dar, Arusha, wanabaki wanaita ukuta. Uko tayari kwa hilo kwa ajili ya mama mmoja mwenye mila zake?"

Nikamfikiria Gwamaka na Jumapili zake.

"Pole kwa bibi yako," nilisema, na nilimaanisha. "Lakini aliyemwibia aliiba kwa kuongeza jina. Sisi tunaiba kwa kuliondoa. Subilaga hawezi kumwita, Rwekaza. Sheria inasema aite mwenyewe, halafu sheria hiyo hiyo inampa jina asiloweza kuliweka mdomoni. Kuna tofauti gani na kumkata ulimi?"

"Anaweza. Hataki."

"Wewe mama yako mzazi unaweza kumtukana? Mdomo unao."

Akasema, kwa upole kuliko nilivyotegemea, "Usiguse faili lile, dada yangu. Ukiligusa nitalazimika kuandika, na kazi huna."

"Andika sasa hivi kama una kalamu," nilimjibu, nikatoka. Lakini sikuligusa. Nilirudi kwenye meza yangu nikaitazama skrini mpaka macho yakauma, namwona kaka yangu upande mmoja na yule mama upande wa pili, nikaenda nyumbani bila kuandika herufi.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Wanawake walikuwa wengi, wamekaa nyuma, na nilijua wamefuata nini. Habari ilikuwa imefika kwao kwamba wazee wao nao hawaitiki tena. Mimi nilikaa kwenye meza ya mashine, pembeni ya spika, kwa kuwa fundi wa Nyumba ya Sauti ndiye anayeiendesha. Rwekaza alivuta kiti akakaa ubavuni pangu.

Lusajo alivaa suti. Alizungumza vizuri, akamsifu marehemu kaka yake, akamwita Subilaga shemeji mpendwa, akasema yuko tayari kumpa chumba mpaka apate pa kwenda. Mtu asiyejua angemwonea huruma.

"Mdai, mwite shahidi wako," alisema mwenyekiti, mzee Mwaisumo.

Subilaga alisimama mbele ya spika. "Wa Nyumba ya Juu."

Kimya.

"Mama, hilo silo jina," alisema mwenyekiti. Alikuwa mtu wa hapa hapa, alijua vizuri anachomtaka afanye, na alijikuna shingo akikisema. "Jina liko kwenye karatasi yako. Lisome."

"Nimelisoma, mwenyekiti. Sitalisema."

"Usipoliita, shahidi hayupo. Shahidi asipokuwepo, nafunga kesi."

"Funga," alisema Subilaga.

Kule nyuma mwanamke mmoja alisema "Hapana!" kwa sauti, na wengine wakaguna. Lusajo akatoa kitambaa akajifuta uso, na chini ya kile kitambaa nikamwona akicheka. Wallahi nilimwona. Alikuwa analijua jina lililobadilishwa kabla ya Subilaga kulijua, na alikuwa amekuja kutazama mila ya shemeji yake ikimfanyia kazi.

Mwenyekiti alichukua kalamu.

"Subiri kidogo, mzee," nilisema.

Nikavuta kibodi. Nikaandika amri ya kuhamisha jina, jina la serikali kwanza, halafu jina la zamani, nikaliwekea alama zake za kunukuu mwanzoni na mwishoni. Sikuficha skrini. Kila aliyekaa mbele aliweza kuisoma.

"Sekela," Rwekaza alininong'oneza. "Ukibonyeza hapo unaikata wilaya nzima."

"Najua."

"Kaka yako uliyeniambia habari zake jana. Atamwita mama yake Jumapili, atakosa."

"Nitampigia mimi nimwambie nani kamkatia. Atapanda basi aje, kama zamani. Huyu aende wapi?"

"Nakuomba."

"Mwandikie Mamlaka," nilisema, sasa kwa sauti ya ukumbi mzima, "kwamba Sekela Mwandenga amerudisha jina kwa mkono wake, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu. Andika na herufi za jina langu vizuri, zisije zikakugomea."

Nikabonyeza.

Hakukuwa na kishindo. Kistari cha mwisho kilishuka kwenye skrini na simu ya Rwekaza ikaanza kulia mfukoni. Nilimwashiria Subilaga kwa kichwa. Alikuwa amepauka, lakini alisogea, akajifunika khanga mpaka usoni, akageukia ukuta, mgongo kwa spika, kama inavyompasa.

"Wa Nyumba ya Juu," aliita.

Spika ikakohoa. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akasema "Yesu wangu."

"Nani ananiita?" iliuliza sauti ya mzee.

Subilaga hakujibu. Hawezi kumjibu, si wa kuongea naye uso kwa uso, akiwa hai wala akiwa spika. Alisimama pale pale, na ukumbi ukangoja.

"Mnaona?" Lusajo aliruka juu. "Mnaona, mwenyekiti? Sheria inasema mdai ajitambulishe kwa shahidi! Ameshindwa! Baba, ni mimi, Lusajo, mwanao!"

"Lusajo," ilisema sauti. "Wewe huniita Baba. Serikali nayo ina jina lake la kuniita. Anayeniita hivi ni mmoja tu, na huwa hajibu, wala nisingetaka ajibu. Huyo ni mke wa Ambakisye. Aliniwekea chakula mlangoni mpaka nikafa. Shamba la chai la bondeni ni lake, na nyumba ni yake, na aliyeko hapo asije akamsumbua."

Kule nyuma vigelegele vilianza, kimoja, halafu vyote. Lusajo aliendelea kusema kitu lakini hakuna aliyekisikia. Subilaga alikuwa amejishika ukuta kwa mkono mmoja, analia kwa nguvu kabisa, bila kugeuka, maana mzee alikuwa bado yupo kwenye spika.

Mwenyekiti alingoja kelele zipungue. Akafungua ukurasa mpya, akamtazama Rwekaza kwa sababu ndiye mtu wa Mamlaka.

"Bwana mkubwa, hukumu inataka jina la shahidi. Niandike lipi?"

Rwekaza alikuwa na simu mkononi, inalia, na hakuwa ameipokea. Alimtazama yule mama aliyegeukia ukuta.

"Mzee Mwaisumo," nilisema, "andika lile aliloitikia."